Milimita Moja: Pikipiki za Kiwanda za Japani na Kazi ya Mwanahistoria

Mwanafunzi wangu mmoja wa historia ya uchumi alinijia ofisini akiwa na picha aliyokusudia kuitumia katika tasnifu yake. Ilikuwa pikipiki ya mashindano ya Honda yenye silinda mbili, tangi refu jembamba, na kiti kilichoinuliwa nyuma kama mkia wa jogoo. Maelezo yaliyoambatana nayo yalidai kwamba ni pikipiki ya kiwanda ya mwaka 1962, yaani mojawapo ya zile ambazo Honda iliwajengea waendeshaji wake wenyewe katika mashindano ya ubingwa wa dunia. Nilimwomba asome maelezo hayo hadi mwisho. Mstari wa mwisho ulitaja kipenyo cha silinda milimita 43 na mwendo wa pistoni milimita 43. Kumbe tulikuwa tunaitazama CR93, pikipiki ambayo Honda iliiuza kwa yeyote mwenye fedha. Ile ya kiwanda ya darasa hilohilo la cc 125, iliyoitwa RC145, ilikuwa na kipenyo cha milimita 44 na mwendo wa 41.

Kijana aliniuliza swali la haki kabisa: milimita moja ina uzito gani katika tasnifu ya sera za viwanda?

Uzito wake ni huu. Pikipiki ya kiwanda ilikuwa maabara inayotembea. Haikuwa na bei, haikuwa na mnunuzi, na mara nyingi msimu ulipokwisha haikuwa tena na maisha. CR93 ni jambo jingine: ni maarifa ya maabara hiyo yakiwa yamekwisha kugeuzwa bidhaa, yenye valvu nne kwa kila silinda na kamshafti zinazozungushwa kwa gia, akauziwa kijana wa Uingereza au Australia akashindane mwishoni mwa juma. Anayezichanganya hizi mbili hukosa kuona hatua iliyo katikati yake, na hatua hiyo ndiyo historia yenyewe. Serikali nyingi zimejenga maabara. Zilizofika kwenye bidhaa ni chache.

Ugumu wa kuzitambua una sababu. Honda ilizipa pikipiki zake za kiwanda herufi RC na nambari, na mtu anayeanza hudhani kwamba mfumo huo ni ngazi iliyonyooka. Katika darasa la cc 250, RC160 ya 1959 ilifuatwa na RC161 mwaka 1960, RC162 mwaka 1961, RC163 mwaka 1962, kisha RC164. Zote zina silinda nne. Halafu mwaka 1964 panatokea 3RC164, ambayo jina lake linaonyesha kama ni marekebisho tu ya iliyotangulia, ilhali ni injini mpya kabisa ya silinda sita. Jina lilikuwa la ofisini, kwa matumizi ya wahandisi. Halikuandikwa kwa ajili yetu. Wale wanaodhani nyaraka za taasisi husema ukweli wake waziwazi wangefaidika kwa kuitafakari 3RC164 kwa dakika chache.

Kwa hiyo mtambuzi huiacha karatasi akaisoma chuma. Katika injini ya RC142, iliyokwenda Kisiwa cha Man mwaka 1959, silinda zimesimama wima na kamshafti zinaendeshwa na mhimili uliosimama kando ya injini. Gurudumu la mbele limeshikwa na mikono mifupi inayotangulia, mtindo uliokuwa unapitwa na wakati Ulaya. Mwaka uliofuata silinda zimelazwa mbele ili zipate hewa, na katika msimu huohuo wa 1960 shokomzoba za mbele zinaanza kuwa za bomba ndani ya bomba, kama zile za pikipiki inayopita sasa hivi chini ya dirisha langu ikiwa na abiria wawili na gunia la mkaa. Asiyejua haya huuziwa hadithi. Ajuaye huona mwaka mmoja wa kujifunza ukiwa umechongwa katika alumini.

Na kujifunza huko kulianza kwa fedheha. Machi 1954 Soichiro Honda alitangaza kwamba kampuni yake ingeshiriki mbio za Kisiwa cha Man, wakati kampuni yenyewe ilikuwa karibu kuzama katika madeni. Mwaka huohuo pikipiki yake moja ilipelekwa São Paulo, na Mikio Omura akamaliza wa 13. Honda mwenyewe alipokwenda kutazama mbio za Man mwezi Juni alikuta injini za NSU za Ujerumani zikitoa nguvu ambazo zake hazikuzikaribia hata kidogo. Ilichukua miaka mitano. Mwaka 1959, katika mbio za cc 125 ambazo Tarquinio Provini alishinda kwa MV Agusta, Naomi Taniguchi alimaliza wa sita, na Honda ikatwaa tuzo ya timu kwa sababu pikipiki zake zilifika mwisho. Miaka miwili baadaye, 1961, Tom Phillis wa Australia alikuwa bingwa wa dunia wa cc 125 na Mike Hailwood wa Uingereza bingwa wa cc 250, wote wawili juu ya Honda.

Hapa ndipo husikika ile kauli ya vijiweni, ambayo nimeisikia pia katika semina za watumishi wa umma: Wajapani walinakili tu. Tuipime kwa ushahidi. Ni kweli kwamba Yamaha ya kwanza, YA-1 ya 1955, ilifuata DKW RT 125 ya Ujerumani. Lakini pikipiki hiyohiyo ya Kijerumani ndiyo iliyozaa BSA Bantam ya Uingereza, na Harley-Davidson ya Marekani nayo iliitumia baada ya vita. Washindi waliichukua michoro kama haki ya ushindi, wala hakuna anayewaita wanakili. Honda nayo iliipata Mondial moja ya Italia ikaichunguza. Ukiweka injini ya Mondial, yenye silinda moja, kando ya RC142, yenye silinda mbili na valvu nane, utaona kwamba mwanafunzi alisoma kitabu cha mwalimu kisha akaandika chake. Sisemi haya kuwatakasa Wajapani, maana yupo mwingine ambaye kisa chake ni kigumu zaidi.

Septemba 1961, katika mbio za Kristianstad nchini Sweden, Ernst Degner alikuwa akiongoza msimamo wa ubingwa wa cc 125 akiendesha MZ ya Ujerumani Mashariki. Mhandisi wa MZ, Walter Kaaden, alikuwa ameitoa injini ya mipigo miwili katika unyonge: kwa kulipa bomba la moshi umbo la tumbo linalopanuka na kusinyaa, mawimbi ya moshi yenyewe yalisaidia kuurudisha ndani ya silinda mchanganyiko wa hewa na mafuta uliokuwa unapotea. Injini ya Degner iliharibika katika mbio hizo. Yeye hakurudi nyumbani. Familia yake ilivushwa kwa siri kwenda Magharibi, wiki chache tu baada ya Ukuta wa Berlin kuanza kujengwa, naye akaenda Hamamatsu kwa Suzuki na maarifa ya Kaaden. Mwaka 1962 Suzuki ilipata ubingwa wake wa kwanza wa dunia, darasa la cc 50, mwendeshaji akiwa Degner.

Kwa hiyo Suzuki ya kiwanda ya 1962 ni mali ya nani kihistoria? Nembo ni ya Hamamatsu, bomba la moshi ni la Zschopau. Kaaden alibaki Ujerumani Mashariki na bajeti ndogo, akiwatazama wengine wakitajirika kwa fikra yake. Katika uwanja wa Suzuka kuna kona iitwayo Degner, alipoangukia. Ya Kaaden haipo. Nawaachia wanafunzi wa haki miliki na wanaharakati wa sayansi huria mjadala huo, ila naomba wasiumalize haraka.

Kufikia katikati ya muongo ule, mashindano ya uhandisi yalikuwa yamevuka mipaka ya akili ya kawaida. RC166 ya cc 250 ilikuwa na silinda sita, valvu 24 na gia saba, ikizunguka takriban mara 18,000 kwa dakika. Hailwood alitwaa nayo ubingwa wa 1966 na 1967. RC149 ya cc 125 ilikuwa na silinda tano. Suzuki ya cc 50 ya 1967 ilikuwa na gia 14. Kisha shirikisho la kimataifa la mchezo huo likapitisha kanuni za kupunguza idadi ya silinda na gia, na kufikia mwisho wa 1968 timu za viwanda za Honda, Suzuki na Yamaha zilikuwa zimeondoka.

Zilizobaki ni chache kwa sababu viwanda vyenyewe havikuziona kuwa urithi. Zilikuwa siri na zilikuwa gharama. Nyingi zilifunguliwa vipuri au kuvunjwa kabisa. Honda ilifungua jumba lake la kumbukumbu huko Motegi mwaka 1998, zaidi ya miaka 30 baada ya RC166 kushinda. Chache ziliponyoka mikononi mwa waendeshaji: mwaka 1971 Barry Sheene alimaliza wa pili katika ubingwa wa cc 125 kwa Suzuki ya zamani ya kiwanda aliyoinunua kwa Stuart Graham. Pikipiki ya namna hiyo, iliyobadilishwa pistoni, nyaya na ganda la mbele msimu baada ya msimu, ni halisi kwa kiasi gani? Na siku hizi zimejengwa nakala za injini ya silinda sita kwa ustadi unaoweza kumdanganya hata fundi. Nambari ya fremu hupigwa kwa nyundo na mtu yeyote mwenye nyundo. Ndiyo maana mtambuzi makini hudai mnyororo wa umiliki, picha za siku ya mbio, alama za mchanga wa kalibu kwenye kasha la injini, na vipimo vya ndani, kabla ya kusadiki.

Nilimweleza kijana haya yote, akaenda, akarudi baada ya wiki mbili. Picha imebaki katika sura ya tatu ya tasnifu. Chini yake sasa pameandikwa: Honda CR93, cc 125, iliyouzwa kwa wanunuzi binafsi, 43 kwa 43. Ameongeza pia ukurasa mzima kuhusu RC145, na pale palipostahili picha ya pili ameacha nafasi wazi, kwa sababu bado hajaipata ambayo yuko tayari kuiapia.