Mwaka 500 wa Kizimkazi

Katika msikiti wa Kizimkazi Dimbani, kusini mwa Unguja, ukuta wa kibla umebeba maandishi ya Kikufi yanayotaja mwezi wa Dhulkaada, mwaka wa 500. Vitabu vya historia huutaja mwaka huo kuwa 1107.

Anayetaka kuifikia hesabu hiyo kwa kujumlisha 500 na 622, mwaka wa Miladi ambao Mtume alihama Makka kwenda Madina, hupata 1122, akaukosa ukweli kwa miaka 15. Kosa lake ni kudhani kuwa miaka yote ina urefu mmoja. Mwaka wa mwezi mwandamo una siku 354 au 355; wa jua una siku 365 na robo. Upungufu huo wa siku kumi na moja hivi, ukirudiwa mara 500, hula miaka 15. Hivyo karne tano za Hijria ni miaka 485 tu ya jua.

Tena mwaka 500 haukukaa ndani ya mwaka mmoja wa Miladi: uliandama Septemba 1106, ukamalizika Agosti 1107. Dhulkaada, ambao Waswahili huuita Mfunguo Pili, ndio unaokata shauri, kwani uliangukia kati ya Juni na Julai 1107.

Siku hizo hizo, Mayahudi walikuwa katika mwaka wao wa 4867, na Warumi wa Konstantinopoli katika wa 6615. Wote wawili wakihesabu tangu kuumbwa ulimwengu, wala wasiafikiane. Makopti wa Misri walikuwa katika mwaka wa 823 tangu kutawala Diocletian, mfalme aliyewaua mashahidi wao. Wazoroasta wa Uajemi walikuwa katika wa 476 tangu kutawazwa Yazdegerd, mfalme wao wa mwisho, ingawa dola yake ilikwisha kuanguka zamani. China ilikuwa katika mwaka wa kwanza wa Daguan, jina ambalo mfalme Huizong aliupa muhula wa utawala wake.

Kila umma, basi, ulianza kuhesabu pale ambapo haukutaka pasahaulike. Waliojenga Kizimkazi walianzia kwenye Hijra, na kwa tarakimu hiyo wakajitaja kuwa wao ni akina nani. Anayeandika 1107 pekee humsaidia msomaji kuupata wakati, lakini humnyima ushahidi huo. Inafaa tarehe zote mbili ziandikwe, na ya jiwe itangulie.