Mkimbio si Bao

Mwaka 1985 Rickey Henderson wa New York Yankees alicheza mechi 143 na kuandikiwa mikimbio 146. Kupata zaidi ya mmoja kwa kila mechi, msimu mzima, ni jambo adimu katika besiboli ya kulipwa ya Marekani. Aliyemfuata katika American League ni Cal Ripken wa Baltimore, aliyekuwa na 116. Katika National League aliongoza Dale Murphy wa Atlanta kwa 118.

Msomaji aliyezoea soka atadhani Henderson ndiye aliyekuwa mfumania nyavu wa timu. Sivyo.

Neno mkimbio limezoeleka kwetu kupitia habari za kriketi, na huko sifa ni ya mpigaji: akiupiga mpira ukabiringika hadi nje ya mpaka, anahesabiwa minne hata asipokimbia. Besiboli inatumia neno hilohilo kwa hesabu nyingine kabisa. Mchezaji hupata mkimbio pale anapovizunguka vituo vitatu kwa mpangilio na kurejea salama kwenye kituo cha nyumbani, kabla wenzake watatu hawajatolewa. Nani kaupiga mpira uliomrudisha? Huyo ana safu yake pembeni, ya mikimbio aliyoileta.

Henderson alikuwa bingwa wa kufika. Msimu ule aliwavumilia warushaji hadi wakampa kituo cha kwanza cha bure mara 99, kwa kurusha mipira minne nje ya eneo halali. Akishafika hapo alikuwa mwizi: aliiba vituo 80, akichomoka mbio mrushaji anapoanza kurusha. Mapigo yake ya kuupeleka mpira nje ya uwanja yalikuwa 24 tu, na pigo la namna hiyo humpa mtu mkimbio wake mwenyewe papo hapo. Mingine yote, 122, aliianzia kituoni akisubiri nafasi ya kurudi.

Nyuma yake walipiga Don Mattingly, aliyeleta mikimbio 145, na Dave Winfield, aliyeleta 114. Tuzo ya mchezaji bora wa American League ilimwendea Mattingly. Henderson akawa wa tatu. Uamuzi huo si wa aibu, kwani Mattingly alipiga vizuri sana mwaka ule, lakini unaonyesha jinsi jicho linavyomfuata mwenye gongo na kumsahau aliyekwisha kufika kituo cha pili.

Ndiyo maana kitenzi kina uzito hapa kuliko nomino. “Kufunga mikimbio” kunamvisha Henderson jezi ya mshambuliaji wa soka na kumpa kazi ya Mattingly. “Kukamilisha mkimbio” kunasema kilichotokea: mtu ameanza safari na ameimaliza. Aliyempigia mpira “ameleta mkimbio”, na mwenye pigo la nje ya uwanja amefanya yote mawili.

Tofauti hii haiwahusu Wamarekani peke yao. Mwaka 2012 vijana wa Lugazi, Uganda, walikwenda Williamsport, Pennsylvania, wakawa timu ya kwanza ya Afrika kucheza fainali za dunia za Little League, besiboli ya watoto, na huko wakawafunga wenzao wa Oregon mikimbio 3 kwa 2. “Kufunga” kwa maana ya kushinda timu hakuna ubaya. “Mabao 3 kwa 2” ni kosa, na mhariri wa michezo alifute.