Shule ya Jefferson na mtaa uliofutwa wa Vinegar Hill

Sehemu kubwa ya picha tulizonazo za nyumba za Vinegar Hill zilipigwa kwa ajili ya kuthamini majengo yatakayobomolewa. Mamlaka ya Nyumba ya mji wa Charlottesville, jimboni Virginia nchini Marekani, ilifungua faili kwa viwanja vya mtaa ule, ikarekodi hali ya jengo na fidia ya mwenyewe, kisha ikabandika picha. Leo faili hizo ni hazina ya watafiti. Mtaa wa Wamarekani Weusi unasomwa kupitia karatasi za waliouvunja, na karatasi hizo zina lugha moja tu: kuchakaa. Ndani yake hukuti harusi wala kwaya, na hukuti mtoto aliyeshinda tuzo ya hesabu.

Ndiyo maana Shule ya Jefferson, iliyosimama pembezoni mwa mtaa huo, ina uzito unaozidi ukubwa wake. Kumbukumbu zake zilitunzwa na waliosoma na kufundisha pale.

Historia yake inaanza mwaka 1865, vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipokwisha. Anna Gardner, mwalimu mzungu kutoka kisiwa cha Nantucket, alitumwa na chama cha kuwasaidia watumwa walioachwa huru, akaanzisha darasa katika jengo lililowahi kuwa hoteli na kisha hospitali ya majeruhi. Shule aliipa jina la Thomas Jefferson, mwandishi wa Tangazo la Uhuru na mwenyeji wa eneo hilo, ambaye katika maisha yake alimiliki watumwa zaidi ya 600. Kama Gardner alilitoa jina hilo kwa heshima au kwa kejeli, wajukuu wa wanafunzi wake bado wana haki ya kujadili.

Lakini mtu wa kumtazama kwa karibu zaidi ni Isabella Gibbons. Alikuwa mpishi, mtumwa wa profesa wa Chuo Kikuu cha Virginia, chuo ambacho Jefferson alikianzisha mwaka 1819. Tangu mwaka 1831 sheria ya jimbo ilipiga marufuku mikusanyiko ya kuwafundisha Weusi kusoma na kuandika. Gibbons alijifunza kwa siri, na uhuru ulipopatikana akasimama mbele ya ubao wa shule ile ile kama mwalimu. Aliyekuwa akipeleka sahani mezani kwa maprofesa sasa alikuwa akiwafundisha alfabeti watu wazima waliovuka umri wa kukaa darasani. Kwenye mnara wa kuwakumbuka watumwa waliokijenga na kukihudumia chuo hicho, uliokamilika mwaka 2020, macho yaliyochongwa kwenye ukuta wa mawe ni yake.

Mwaka 1894 serikali ya mji ilijenga shule ya msingi kwa watoto Weusi. Sekondari haikuwapo. Mtoto aliyetaka kuendelea ilimbidi aondoke mjini, na wengi waliishia kwenye vyuo kama Hampton, vilivyoweka mbele kazi za mikono. Wasomaji wa Kenya wanaifahamu falsafa hiyo hata kama jina la Hampton ni geni kwao. Mfuko wa Jeanes, uliolipa mshahara wa mwalimu Virginia Randolph katika wilaya ya Henrico, jimboni humo humo, mwaka 1908, ndio ulioipa jina Shule ya Jeanes iliyofunguliwa Kabete mwaka 1925, baada ya tume ya elimu ya Phelps-Stokes kupita Afrika Mashariki. Walioamua kwamba Mweusi wa Virginia atosheke na jembe na useremala waliona dawa hiyo itamfaa na Mwafrika wa Kabete.

Wazazi wa Charlottesville hawakutosheka. Mwaka 1924 walipeleka ombi kwa Bodi ya Shule wakidai sekondari. Mwaka huo huo mji ulizindua sanamu ya shaba ya Robert E. Lee, jenerali wa majimbo yaliyopigana kuulinda utumwa, amepanda farasi katikati ya bustani. Fedha za sanamu zilitoka kwa tajiri mmoja mkarimu, zile za shule ilibidi ziombwe. Hata hivyo sekondari ya Jefferson ilifunguliwa mwaka 1926, ikawa miongoni mwa shule chache za aina hiyo kwa Weusi katika jimbo zima zilizopata ithibati.

Walimu wake hawakuwa wageni. Waliishi mtaani na kuabudu katika makanisa yale yale, na duka lilikuwa moja kwao na kwa wazazi. Mwanafunzi mtukutu alijua kwamba habari zake zitamtangulia nyumbani. Rebecca McGinness alisoma Jefferson, akaenda Hampton, akarudi kufundisha hapo hapo kwa miongo kadhaa, na alipofariki mwaka 2000 alikuwa amevuka miaka 100. Kwa hiyo hadi juzi tu mji ulikuwa na mtu aliyeibeba karibu karne nzima ya shule hiyo kichwani mwake. Hatua chache kutoka shuleni, George Inge, mhitimu wa Hampton aliyewahi kuwa mwalimu, alifungua duka la vyakula mwaka 1891. Duka liliendeshwa na familia yake hadi mwaka 1979. Vinegar Hill ilikuwa hivyo: vinyozi, mafundi nguo, migahawa, kanisa, nyumba za mbao zilizobanana, baadhi imara na baadhi hazina hata bomba la maji ndani. Kuisimulia kana kwamba ilikuwa pepo ni kosa, na kuisimulia kama jalala ndiko kulikowapa wabomoaji kibali.

Mwaka 1951 wanafunzi wa sekondari walihamishiwa shule mpya ya Burley, iliyojengwa kwa ajili ya Weusi wa mji na wilaya, na Jefferson ikabaki shule ya msingi. Miaka mitatu baadaye Mahakama Kuu ya Marekani iliharamisha ubaguzi wa rangi mashuleni. Wakubwa wa Virginia walijibu kwa ukaidi. Septemba 1958 Gavana Lindsay Almond alifunga shule mbili za wazungu mjini Charlottesville, Lane na Venable, ili zisipokee Weusi. Wakati huo huo Jefferson iliongezwa majengo, mwaka 1958 na tena 1959. Fedha ambazo kwa miongo zilikuwa hazipatikani, ghafla zilipatikana. Atakayeyatembelea madarasa hayo ya nyongeza asiyapongeze haraka; yalijengwa ili mtoto Mweusi akae pale pale alipo. Mahakama ilizifungua shule zilizofungwa, na Septemba 1959 wanafunzi 12 Weusi waliingia, watatu Lane na tisa Venable.

Mwaka uliofuata, 1960, wapiga kura waliulizwa kama Vinegar Hill ibomolewe. Virginia ilikuwa na kodi ya kichwa, na huko kodi hiyo ilikuwa ndiyo tiketi ya kura: dola moja na nusu kwa mwaka, uwe umelipia miaka mitatu, na uwe umelipa miezi sita kabla ya uchaguzi. Wakazi wengi wa mtaa uliokuwa ukihukumiwa hawakuwemo kwenye daftari la wapiga kura. Pendekezo likapita. Bomoabomoa ilifanyika kati ya mwaka 1964 na 1965, ikaondoa familia zaidi ya 100, biashara karibu 30 na kanisa moja.

Wengi walipelekwa Westhaven, nyumba za kupanga za serikali zilizopewa jina la John West, kinyozi aliyezaliwa utumwani na kufa akiwa miongoni mwa Weusi wenye ardhi na majengo mengi zaidi mjini. Waliokuwa na hati zao sasa walikuwa wapangaji katika majengo yanayobeba jina la mtu aliyejua thamani ya hati. Na ile ardhi iliyotakiwa kwa haraka namna ile ilikaa zaidi ya miaka 10 ikiwa uwanja mtupu wa kuegesha magari. Mwaka 2011 Halmashauri ya Mji iliomba radhi rasmi.

Shule ilinusurika, lakini tusiwape wakubwa sifa isiyo yao: haikuachwa kwa heshima. Serikali bado ilikuwa na kazi nayo, na kwa miaka mingi ikaitumia kwa madarasa na shughuli mbalimbali za elimu. Hatari halisi ilikuja pale kazi hizo zilipokwisha, mwanzoni mwa miaka ya 2000, jengo likawa mzigo wa bajeti na mazungumzo ya kuligawa au kuliuza yakaanza. Waliolikingia kifua ni wanafunzi wa zamani, wengi wao wazee. Walihudhuria vikao na kukusanya picha za madarasa, na sauti zao zikarekodiwa wakieleza walikaa dawati gani na nani aliwafundisha. Mwaka 2006 jengo liliingizwa katika Rejista ya Taifa ya Maeneo ya Kihistoria.

Kuingizwa huko peke yake hakuezeki paa. Uamuzi wa busara, kwa maoni yangu, ulikuwa kulijaza jengo watu. Baada ya ukarabati uliogharimu mamilioni ya dola, mwaka 2013 lilifunguliwa kama kituo cha jamii chenye taasisi kadhaa zinazolipa kodi ya pango, madarasa ya watu wazima, ukumbi wa michezo, na katikati yake Kituo cha Urithi wa Wamarekani Weusi kinachoongozwa na Dkt. Andrea Douglas. Mpango huu una udhaifu wake, maana makumbusho inayotegemea wapangaji wenzake huyumba wanapoyumba. Lakini majengo mangapi ya historia yamefungwa kufuli baada ya utepe kukatwa, yakabaki na popo?

Watunza kumbukumbu wanasaidiwa pia na hazina moja isiyotoka kwa wathamini. Studio ya Rufus Holsinger, iliyokuwa ikipiga picha mjini humo mwanzoni mwa karne ya 20, iliacha picha zaidi ya 600 za Weusi waliokuja wenyewe na kulipa. Wamevaa nguo walizochagua, mwingine ameshika kofia, mwingine kitabu. Ukiziweka kando ya picha za Mamlaka ya Nyumba, unaona mji mmoja ukishuhudiwa na mashahidi wawili.

Kituo cha Urithi hakikujifungia kwenye sifa za shule. Julai 2018 kilishiriki kuongoza msafara wa mabasi hadi Montgomery, Alabama, kupeleka udongo kutoka mahali John Henry James alipouawa na kundi la wazungu mwaka 1898. Mwaka uliotangulia, wabaguzi walikuwa wameandamana Charlottesville wakitetea sanamu ya Lee isiondolewe. Sanamu iliondolewa Julai 2021, na Desemba mwaka huo Halmashauri ikaikabidhi kwa Kituo hicho. Kesi zilifunguliwa kuzuia, zikashindwa. Oktoba 2023 shaba ya Lee iliyeyushwa, itumike kutengeneza kazi mpya ya sanaa ya umma.

Atakayefika Charlottesville akiwa na saa moja tu, wenyeji watamwelekeza Monticello kwenye jumba la Jefferson mwenyewe. Aende siku nyingine. Shule iko namba 233, Fourth Street, upande wa kaskazini-magharibi, na kutoka pale jengo la duka la Inge, ambalo nalo halikubomolewa, linafikika kwa miguu.