Msikiti wa Udongo wa Hergott Springs

Kila baada ya miaka michache huzuka tena dai kwamba msikiti wa kwanza wa Australia ulijengwa mwaka 1861 huko Marree, kijiji cha jangwani kaskazini mwa jimbo la Australia Kusini. Wanaolikataa hujibu kwa ukali kwamba wa kwanza ni ule wa mawe mjini Adelaide, uliojengwa 1888 na 1889, na kwamba huko Marree palikuwa na kibanda tu. Mimi nasema tarehe ya 1861 haisimami. Lakini wanaosema "kibanda" wamekosea zaidi, maana kosa lao si la hesabu ya miaka: wanaitoa jamii nzima katika historia kwa kuwa haikujenga kwa mawe.

Marree leo haina wakazi mia mbili. Iko kama kilomita 685 kaskazini mwa Adelaide, mahali zinapoachana njia mbili za jangwani, moja ya kwenda Birdsville na nyingine ya kwenda Oodnadatta. Ni nchi ya Waarabana, na kaskazini mashariki yao wapo majirani zao Wadieri. Maji yake hupanda kutoka chini kabisa ya ardhi na kutokeza kwenye chemchemi zilizotawanyika jangwani, na Waarabana walizijua na kuzienzi vizazi kwa vizazi. Mwaka 1859 akafika Joseph Herrgott, Mjerumani aliyekuwa katika msafara wa uchunguzi wa John McDouall Stuart, na pale pakaitwa Hergott Springs. Mji ulipimwa 1883, reli ikafika 1884, na wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, majina ya Kijerumani yalipofutwa jimboni, likathibitishwa jina la Marree. Habari za hoteli, posta na stesheni zimeandikwa vya kutosha na wengine.

Tuanze na 1861. Waongoza ngamia wa kwanza walishuka Melbourne katikati ya mwaka 1860 kwa ajili ya msafara wa uchunguzi wa Burke na Wills, na msafara huo ulipita mbali upande wa mashariki, kupitia Menindee hadi Cooper Creek. Ngamia walioigeuza Australia Kusini ni wale wa tajiri Thomas Elder, walioletwa kupitia Port Augusta mwaka 1866, zaidi ya mia moja, pamoja na wanaume wapatao thelathini, wakapelekwa kwenye shamba lake la Beltana. Kabla ya hapo Hergott Springs hapakuwa na mji, wala reli, wala mizigo ya kumfanya mwongoza ngamia aweke makao.

Kipo pia chanzo ambacho wabishani wengi hukiruka. Mwaka 1932 Mohamed Hasan Musakhan alichapisha mjini Adelaide kitabu kidogo cha historia ya Uislamu nchini Australia, na katika jina la kitabu akataja miaka kinayoishughulikia: 1863 hadi 1932. Huyu alikuwa Mwislamu akiandika habari za wazee wake, baadhi yao wakiwa bado hai, na hata yeye hakudai 1861. Anayetaka kuwatukuza wazee hao angeanza kwa kuwasoma wenyewe.

Watafiti waangalifu hutaja takriban mwaka 1882, nami niko upande wao. Ndio wakati ambapo reli ilikuwa ikisogea kaskazini na wenye ngamia wakaanza kukusanyika mahali ambapo mizigo ingeshushwa kutoka kwenye mabehewa. Ushahidi ninaoupenda kuliko wote ni picha ya miaka hiyo ya 1880. Inaonyesha jengo dogo la udongo lililoezekwa kwa majani, na mbele yake birika la maji.

Wanaosema kibanda hawajalitazama birika. Katika nchi ambayo mvua hupita miaka isinyeshe, na ambapo mtu husafiri siku nyingi kati ya maji na maji, watu hawa walitenga maji ya kutilia udhu. Hakuna achimbaye birika mbele ya kibanda cha kulalia. Hiyo ni kazi ya watu waliokusudia kuswali jamaa, leo na kesho. Mwenye kutoka Lamu au Pate hatadai mnara kwanza ndipo akubali kwamba pale ni msikiti. Misikiti mingi ya kale ya pwani yetu haina mnara, na heshima yake haijapungua. Hata huo wa Adelaide ulikaa miaka mingi bila minara: minne iliyonao iliongezwa mwaka 1903.

Tena, fedha za Adelaide zilitoka wapi? Zilichangwa na waongoza ngamia na wafanyabiashara wao, watu waliozipata kwenye njia za kaskazini. Ndugu wawili, Faiz na Tagh Mahomet, waliifanya Hergott Springs kituo cha biashara yao ya ngamia kabla ya kuhamia kwenye migodi ya dhahabu ya Australia Magharibi, ambako Tagh aliuawa mwaka 1896 akiwa katika swala ndani ya msikiti wa Coolgardie. Jamii iliyoweza kujenga kwa mawe mjini ilikuwa imekwisha kuwa jamii huko jangwani. Kuusifu msikiti wa mjini na kuudharau wa Marree ni kumsifu mtoto na kumkana mzazi.

Wazungu waliwaita wote "Waafghani", na jina hilo limeachwa katika treni mashuhuri ya Ghan. Kwa kweli walikuwemo Wapashtuni, Wabaluchi, Wapunjabi, Wasindhi na wengineo, na wengi wao walikuwa raia wa himaya ya Uingereza nchini India. Wengi walipandia meli Karachi, bandari ileile ambayo mwaka 1896 ilianza kuwatoa vibarua wa Punjab waliopelekwa Mombasa kujenga reli ya Uganda. Himaya ilikuwa moja na ilihitaji mikono. Ilipokwisha kazi, ilitaka mikono hiyo irudi ilikotoka.

Kutoka Marree misafara ilipeleka unga, chai, sukari, waya na vyombo kwenye mashamba ya mifugo ya kaskazini, ikarudi na marobota ya sufu. Ngamia dume mwenye nguvu alibeba kilo mia nne na zaidi mahali ambapo farasi angekufa kwa kiu. Lakini ndani ya mji wenyewe reli ilikuwa mpaka. Wazungu walikaa upande mmoja, Waafghani na wenyeji wa asili upande wa pili, na hata makaburi yakagawanywa hivyo hivyo. Sheria ya 1901 ya kuzuia wahamiaji ikaleta mtihani wa imla katika lugha yoyote ya Ulaya ambayo ofisa angeichagua, na sheria ya uraia ya 1903 ikawafungia mlango watu wa Asia. Aliyetaka kwenda kuwaona wazazi wake Peshawar au Karachi ilimbidi aombe cheti cha kumsamehe mtihani huo, chenye picha yake na alama ya kiganja chake, la sivyo asingeweza kurudi alikoacha ngamia, watoto na madeni yake.

Watoto, naam. Wapo wanahistoria waliowaeleza watu hawa kama wapita njia: walikuja, wakabeba mizigo, wakaondoka. Sina subira na maelezo hayo. Wengi hawakuja na wake, lakini walioa huko, wakaoa wanawake wa Kiarabana na Kidieri na pia wanawake wa Kizungu waliokubali kutengwa na wenzao, na vizazi vyao vingalipo katika Australia Kusini.

Chukua maisha ya Bejah Dervish, Mbaluchi aliyewahi kuwa askari katika jeshi la India na kufika Australia mwaka 1890. Mwaka 1896 alijiunga na msafara wa Calvert uliovuka jangwa la magharibi, msafara ambao wawili kati ya wenzake walikufa kwa kiu. Kiongozi wake, Lawrence Wells, alimpa dira kwa kumshukuru. Bejah aliishi Marree na kuzeekea huko, na alipofariki mwaka 1957 alizikwa hapo hapo. Mwanawe, Jack Bejah, alikuwa miongoni mwa walioongoza ngamia wa Cecil Madigan kulivuka jangwa la Simpson mwaka 1939. Baba na mwana, misafara miwili mikubwa, umbali wa zaidi ya miaka arobaini kati yake. Huyu si mpita njia.

Kuna tafsiri nyingine ambayo haiwafurahishi wapenzi wa Waafghani, nami ni mmoja wao, lakini inastahili kusikilizwa kwa makini. Bila ngamia, mashamba ya ng'ombe na kondoo yaliyoenea juu ya nchi ya Waarabana na Wadieri yasingedumu. Unga na waya uliotengeneza uzio ulifika juu ya migongo ile. Chemchemi zilizokuwa za Waarabana zikakanyagwa na mifugo. Mtu aliyenyimwa uraia upande mmoja wa reli alikuwa pia, kwa kazi yake, mshiriki katika kuwanyang'anya nchi majirani zake. Mambo haya mawili ni kweli kwa pamoja, na ndoa zilizofungwa kati ya jamii hizo mbili hazilifuti hata moja. Mahakama ilitambua haki za ardhi za Wadieri na za Waarabana mwaka 2012.

Mwisho wa misafara ulikuja haraka. Malori yakafika, na mwaka 1925 jimbo likapitisha sheria iliyoruhusu ngamia wasio na wenyewe kuuawa; wamiliki wengi walioshindwa kuwapiga risasi wanyama wao wakawaachia jangwani. Reli ikafika Alice Springs mwaka 1929. Mwaka 1980 njia mpya ya reli ilipita mbali upande wa magharibi, na Marree ikabaki na stesheni isiyo na safari. Msikiti wa udongo ulikuwa umeshabomoka zamani; ulioko leo ni mfano uliojengwa upya kwa kumbukumbu.

Naomba kibao chochote kitakachowekwa mbele yake kiandikwe "takriban 1882". Na atakayetaka tarehe kamili zaidi aende kwenye maandishi yasiyo ya Kiingereza: barua, hesabu za mizigo na vitabu vya dini vya watu walioandika kwa Kiurdu, Kiajemi, Kipashto, Kisindhi na Kibengali. Mwanahistoria Samia Khatun ameonyesha faida yake. Katika msikiti wa Broken Hill kulikuwa na kitabu kikubwa kilichoandikiwa lebo kwamba ni Kurani. Alipokifungua na kukisoma, alikuta mashairi ya Kibengali ya visa vya manabii. Waliokipa lebo hiyo hawakuwa na lugha ya kukisoma, na maandishi mengi ya waongoza ngamia hayawezi kufunguka kwa Kiingereza peke yake.