Kajiado: Kaunti ya Mpakani

Mstari uliochorwa na Uingereza na Ujerumani mwaka 1886, kutoka mlango wa Mto Umba hadi Ziwa Viktoria, uliwagawa Wamasai bila wao kushauriwa, na ndio mpaka wa Kenya na Tanzania unaopita Namanga, mji wa Kajiado, hadi leo. Kwa mikataba na Waingereza ya 1904 na 1911, wa kwanza ukiwa umeidhinishwa na laiboni Olonana, yaani kiongozi wa kiroho, Wamasai waliondolewa Bonde la Ufa, kisha Laikipia, wakasongwa katika hifadhi ya kusini, ambayo baadaye ilitawaliwa kama wilaya za Kajiado na Narok. Dhuluma hiyo ilifikishwa mahakamani mwaka 1913, lakini kesi ikatupwa kwa hoja kwamba mikataba ya namna hiyo haikuwa chini ya mamlaka ya mahakama.

Sheria ya 1968 ilianzisha ranchi za vikundi, yaani ardhi iliyosajiliwa kwa umiliki wa pamoja wa wafugaji. Ranchi ya Kitengela, huko Kajiado, ilipogawanywa kwa watu binafsi, nyua na majengo viliziba mapito ya wanyamapori wa Mbuga ya Nairobi. Tangu 2013 Kajiado ni kaunti yenye gavana na bunge lake.