Dhima, Dhamira na Ufundi: Maneno ya Mpango wa Chuo

Mpango mkakati wa chuo cha umma cha uhandisi huanza na dira. Neno hili lilizoea bahari kabla ya kuzoea ofisi. Dira haimpi nahodha bandari; humpa upande. Tanzania ililichagua kwa Dira ya Taifa ya Maendeleo 2025, na sasa 2050, ilhali Kenya ikasema Ruwaza ya 2030. Ruwaza ni kielelezo. Mwenye ruwaza hufuatisha umbo lililokwisha chorwa, mwenye dira hushika upande hata upepo ukigeuka. Kwa chuo ambacho mitambo yake hupitwa na wakati upesi, mimi nachagua dira.

Neno la pili ndilo linalonisumbua. Nyaraka nyingine huandika dhima, nyingine dhamira, kana kwamba ni mamoja. Yote mawili yametoka katika Kiarabu, lakini dhamira hukaa moyoni: ni nia, na wahakiki huitumia kwa kusudio la mwandishi. Dhima iko begani. Mwenye dhima ana deni, na asipolilipa ataulizwa. Chuo kinachoendeshwa kwa kodi za wananchi hakiwezi kutosheka na nia njema. Dhima ibaki ukurasa wa kwanza. Dhamira tuiachie fasihi.

Wapo wanaokataa “mpango mkakati” na kudai “mpango wa kimkakati”, wakidhani nomino mbili haziwezi kuongozana bila kiunganishi. Askari kanzu na bata mzinga wanatosha kuwajibu.

Changamoto ni neno zuri lililochoshwa. Lina moto ndani yake, lilifaa kuamsha ari, lakini leo linafunika kila pengo. Karakana isiyo na mashine ya kukereza vyuma haina changamoto, ina upungufu. Ukiandika upungufu, msomaji atauliza utaondolewa lini.

Sasa mhandisi. Alitufikia kwa Kiarabu, muhandis, na ile mu- ya kwao tukaisikia kama m- yetu ya mtu. Ndipo tukapata wahandisi na uhandisi bila taabu. Nyuma ya Kiarabu kuna Kiajemi, andaza, yaani kipimo. Mhandisi ni mtu wa vipimo tangu asili! Basi kwa nini mpango wake ujae viashiria? Kiashiria huonyesha tu kwamba jambo lipo, kama moshi unavyoonyesha moto. Kipimo husema ni kiasi gani. Panapohitajika idadi ya maabara au ya wahitimu waliosajiliwa kuwa wahandisi, tuandike vipimo. Viashiria vibaki kwa yale yasiyohesabika. Tathmini nayo ni ndugu wa thamani: kutathmini ni kukipa kitu thamani yake, kazi kubwa kuliko kujaza jedwali mwisho wa mwaka.

Lakini neno ninalolionea uchungu ni fundi. Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, iliyoanza mwaka 1957, iliitwa Chuo cha Ufundi kwa miaka mingi, hadi sheria ya 1997 ilipoipa jina la sasa. Arusha, chuo kilichofunguliwa 1978 kilibaki na ufundi katika jina lake. Sipingi teknolojia, neno lililokwisha kuwa letu. Nasikitika tu ufundi unaposhushwa hadhi, ukadhaniwa ni kazi ya aliyeshindwa masomo. Shina lake ni lile la funda, fundisha na mafunzo: fundi ni mtu aliyefundwa hadi akajua, na anaweza kumfunda mwingine. Hata ngazi zetu za kazi zinamtambua: fundi mchundo, fundi sanifu, kisha mhandisi. Mpango unaomtaja wa juu peke yake umekata ngazi.

Hapo ndipo ninapoomba msaada wako, mlinzi mwenzangu wa lugha. Mipango mingi husema chuo “kitazalisha” wataalamu. Kiwanda huzalisha saruji, shamba huzalisha mahindi. Mwanafunzi hufundwa. Najua kufunda kunasikika sana katika unyago na kwa bi harusi, na hilo halinitishi: huko nako kungwi humpa mwari maarifa pamoja na adabu ya kuyatumia. Mhandisi wa daraja anahitaji vyote viwili. Ukiitwa kwenye kamati ya mpango ujao, pendekeza dhima isomeke hivi: “Kufunda mafundi na wahandisi wenye ujuzi na uadilifu, kwa mahitaji ya umma.”