Mfarishi na Kiraka: Habari za Nguo za Kuunganishwa katika Usukuma

Katika shule zetu hurudiwa mara nyingi usemi wa kwamba watu wa Bara hawakujua kushona mpaka walipofika wamisionari na sindano zao. Watoto huusikia, hukua nao, na mwisho hudhani kwamba mikono ya bibi zao haikuwa na ustadi wowote. Usemi huu si wa kweli, na kwa kuwa wasomaji wa makala hizi ni walimu na wachungaji, yafaa tuupime kwa historia. Habari ninazozieleza ni za nguo zilizotengenezwa kwa kuunganisha vipande, hasa katika nchi ya Shinyanga na upande wa Geita, na za mambo yaliyo moyoni mwa waziunganishao.

1. Maneno yenyewe

Tuanze na lugha, maana lugha ni shahidi asiyeweza kuhongwa. Blanketi la vitambaa viwili vilivyotiwa pamba katikati na kushonwa pamoja huitwa mfarishi, na asili ya neno ni Kiarabu, lenye maana ya kutandika. Kiraka nacho ni neno la Kiarabu. Leso ni neno la Kireno, na merikani ni jina la nchi ya Marekani lililogeuka kuwa jina la nguo. Pamba lilitoka Uajemi. Mtu akiishia hapo atasema, "Naam, yote ni ya wageni."

Lakini kushona, kufuma na kutunga si maneno ya wageni. Ni ya Kibantu tangu zamani. Mswahili hutunga shanga, tena hutunga shairi. Mganda akisema kutunga, maana yake ni kushona nguo. Neno ni lile lile, na kazi ni moja: kukitia kitu baada ya kitu katika uzi mmoja mpaka vikawa kitu kimoja. Msukuma naye, pamba haiiti kwa jina la Kiajemi, huiita buluba. Watu hawana desturi ya kuwa na maneno ya kazi wasiyoifanya.

2. Ngozi, magome na pamba

Kabla ya nguo za madukani, mavazi ya Usukuma yalikuwa hasa ya ngozi za mbuzi na ng'ombe. Ngozi ilikwanguliwa, ikasuguliwa kwa mafuta mpaka ikalainika. Na kwa kuwa ngozi moja haimtoshi mtu mzima, hapana budi iliunganishwa na nyingine. Tundu lilitobolewa kwa chuma chembamba, na uzi ulikuwa ni ukano wa mnyama. Hii nayo ni kushona.

Magharibi ya ziwa, katika Buhaya, Karagwe na Buganda, watu walivaa mbugu, yaani nguo ya gome. Gome la mti wa jamii ya mkuyu huchunwa, hulainishwa kwa mvuke au moto, kisha hupigwa kwa nyundo za mti zenye mifuo, kwanza ya mifuo mipana, mwisho ya mifuo myembamba, mpaka gome linatanuka mara nyingi kuliko upana wake wa kwanza. Mti hufungwa majani ya migomba ili jeraha lipone, na gome huota tena. Katika kupigwa, gome hupasuka hapa na pale, na matundu hayo huzibwa kwa viraka vya gome vilivyoshonwa kwa nyuzi za mimea. Mwaka 2005 shirika la UNESCO liliitangaza kazi hii ya Uganda kuwa moja ya tunu za wanadamu wote.

Kusini, katika Unyamwezi, pamba ilisokotwa na kufumwa. Richard Burton, aliyefika Kazeh, karibu na mahali panapoitwa leo Tabora, mwaka 1857, aliandika habari za vitanda vya kufumia alivyoviona huko. Katika Ufipa wafumaji waliendelea na kazi yao hata karne ya 20. Na pwani, wachimbuzi wa mambo ya kale wamekuta katika magofu ya Kilwa vigurudumu vya udongo vya kusokotea uzi, vya karne nyingi kabla ya Wareno. Mapadre Weupe walianza Bukumbi mwaka 1883. Basi ni dhahiri kwamba hawakuikuta nchi isiyojua uzi.

3. Merikani na njia za wapagazi

Kama ustadi ulikuwapo, mbona ulififia? Jibu ni bei. Mwaka 1833 Seyyid Said wa Unguja alifanya mkataba wa biashara na Marekani, na meli za bandari ya Salem zikaleta nguo nyeupe ngumu ya viwandani. Wasukuma na Wanyamwezi walichukua pembe mabegani mpaka pwani, na ujira wao ukawa nguo. Vipimo vyake vilijulikana kila kambi: shuka ni mikono 4, doti ni mikono 8, na jora ni kitambaa kizima. Hongo ya watemi ililipwa kwa nguo, hata doti likawa kama fedha. Mfumaji aliyekaa siku nyingi kitandani kwa nguo moja hakuweza kushindana na mashine ya Massachusetts. Vita vya Marekani vya mwaka 1861 hata 1865 vilipoizuia pamba yao, nguo za Uingereza na India zikachukua nafasi, lakini mfumaji wa Unyamwezi hakurudishiwa yake.

Tena lipo jambo la kufikiri. Pamba ya merikani ililimwa kusini mwa Marekani na watumwa, ambao wazee wao walitolewa Afrika. Mpagazi wa Usukuma, alipojifunga shuka lake, alijifunga jasho la ndugu asiowajua.

4. Leso sita

Mfano mkubwa wa kuunganisha vipande katika Afrika ya Mashariki ni kanga. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 leso za rangi ziliuzwa pwani zikiwa zimeungana katika jora, na mwenye duka alikata moja moja. Yasimuliwa kwamba wanawake wa Unguja na Mombasa walibuni wenyewe kununua leso sita bila kuzikata moja moja. Walizigawa katika mapande mawili ya leso tatu tatu, wakayashona ubavu kwa ubavu, na nguo moja pana ikapatikana. Ziliitwa leso za kushona. Wenye maduka walipoona hivyo, waliagiza nguo iliyochapwa nzima kwa kipimo hicho. Basi kanga ilianza mikononi mwa wanawake, na kiwanda kilifuata nyuma.

Wala haikuwa pambo tu. Mtumwa alivaa merikani chakavu au kaniki. Utumwa ulipofutwa Unguja kwa sheria mwaka 1897, wanawake waliopata uhuru waliziacha nguo hizo wakajifunga kanga, na kila aliyewaona alielewa. Baadaye maneno yalichapwa juu ya kanga, na mwanamke asiyeweza kusema jambo kwa kinywa akalisema kwa nguo. Na hapa Bara, kaniki ile ile iliyokuwa aibu pwani ikawa nguo ya heshima: waganga wa Usukuma huivaa pamoja na nguo nyeupe na nyekundu katika kazi za mizimu. Maana ya nguo, basi, hutoka kwa mvaaji.

5. Vipande na kumbukumbu

Nguo ya kubebea mtoto huitwa mbeleko, na nguo ya kumfunga mzazi tumbo ni mkaja. Katika desturi za pwani majina hayo hayo ni majina ya zawadi ambazo mchumba humpa mama wa binti. Ile nguo ya kwanza imekwisha kuchakaa, lakini kazi yake hukumbukwa na kulipwa. Hivyo ndivyo watu wetu wafikirivyo juu ya nguo.

Pamba ilipoenea Usukuma wakati wa Waingereza, na dhahabu ya Geita ilipochimbwa katika miaka ya 1930, na almasi ya Mwadui kugunduliwa mwaka 1940, fedha ziliingia vijijini, na fundi wa cherehani akakaa katika kila baraza la duka. Chini ya cherehani yake huanguka vipande. Wanawake huviokota, pamoja na mashati yaliyochakaa na kanga kuukuu, wakavishona kuwa matandiko, mito na mifarishi.

Bibi mmoja wa upande wa Kahama alinionyesha tandiko lake la namna hiyo. Kipande cha kanga kilitoka katika matanga ya mama yake. Kipande cheupe kilikuwa mfuko wa unga wa mwaka wa njaa. Cha buluu, sare ya shule ya binti yake. Vipande vyote vilipangwa katika mistari iliyonyoka, ila kimoja kilikaa upande. Nikamwuliza, "Mayu, mbona hiki hukukinyosha?" Akajibu, "Mwalimu, hilo ni shati la mwanangu aliyekwenda machimboni Geita. Hakurudi. Nguo yake siwezi kuipanga mstari mmoja na za waliorudi."

Katika Usukuma wako vijana wengi walioingia mashimoni wasirudi, wala hakuna kitabu kilichoandika majina yao wote. Kwa mama huyu kitabu ni tandiko.

Wala si huku tu. Katika kijiji cha Gee's Bend, jimbo la Alabama, wanawake wa asili ya Kiafrika wameshona mifarishi ya nguo za kazi kwa vizazi kadhaa. Mmoja wao, Missouri Pettway, mwaka 1942 alikusanya nguo za kazi za mume wake aliyefariki akazishona mfarishi, ili ajifunike kwazo na kumkumbuka. Mwaka 2002 mifarishi ya kijiji hicho ilionyeshwa katika jumba la sanaa la Houston, na watu walishangaa kuona uzuri uliofanywa kwa matambara. Na katika jimbo la Karnataka, India, Wasiddi, ambao wazee wao walitolewa Afrika ya Mashariki na nchi nyingine za bara hili, hushona mifarishi waiitayo kawandi. Huanza pembeni wakielekea katikati, na kazi haikwishi mpaka pembe zimetiwa vijitambaa viitwavyo maua. Bila hayo, husema, nguo ingali uchi.

6. Neno kwa walimu na wachungaji

Hatukatai deni letu. Misheni ilileta cherehani, ilifundisha kukata kwa kipimo, kutia vifungo na kutarizi vitambaa vya altare, na wanawake wengi wamewalea watoto wao kwa ustadi huo. Twakataa jambo moja tu, nalo ni kufundisha kana kwamba kabla yake palikuwa patupu. Msichana anayeambiwa kwamba nyanya yake hakujua kitu hujifunza kudharau nyumba yake, na dharau hiyo haishii katika nguo.

Maandiko yenyewe hutusaidia. Bwana wetu, akitaka kueleza jambo zito juu ya agano jipya, alichukua mfano wa kiraka kipya juu ya vazi kuukuu. Alizungumza na watu waliojua kushona viraka, akatumia elimu yao. Na Dorkasi wa Yafa alipokufa, wajane hawakumwonyesha Petro kitu kingine ila kanzu na nguo alizowashonea. Nguo zilikuwa ndizo habari za maisha yake.

Basi mwalimu aingiapo katika nyumba na kuona tandiko la vipande, asilipite kama kitu cha ufukara. Na aulize kwa adabu: kipande hiki kilikuwa cha nani? Kisha aandike jibu, pamoja na majina ya nguo za zamani, kaniki, gamti, bendera, barsati, debwani, kabla wale wanaoyajua hawajatutoka. Kazi hii haihitaji fedha wala ruhusa ya ofisi. Yahitaji daftari, na subira ya kukaa mkekani na kusikiliza. Wanafunzi wa darasa moja tu, kila mmoja akileta habari za kipande kimoja kutoka kwao, watakuwa wameandika historia ya kijiji chao ambayo hakuna mgeni awezaye kuwaandikia.